Makisio Yaliyovaa Joho

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya uongozi, iwe Dodoma, Nairobi au Kigali, huenda umeambiwa kwamba asilimia 70 ya mipango ya mabadiliko katika taasisi hushindwa. Takwimu hiyo hutolewa mapema, kabla ya chai ya saa nne, na mtoa mada huitamka bila kusita. Washiriki huiandika kwenye madaftari yao. Kisha mtoa mada hufungua slaidi inayofuata na kuanza kueleza mbinu yake, ile itakayokuingiza wewe kwenye asilimia 30 ya waliofanikiwa.

Jioni ya leo nataka tuifuate hiyo asilimia 70 mpaka kwao, tujue ilizaliwa wapi na nani aliyeilea. Njia iliyopita takwimu hiyo ndiyo inayopitwa na karibu kila mtindo mpya wa uongozi unaotufikia maofisini, na katika njia hiyo wapo watu waliopoteza kazi zao.

Mwaka 2011 msomi wa Uingereza, Mark Hughes wa Chuo Kikuu cha Brighton, alichapisha makala katika Journal of Change Management akiuliza kama ni kweli kwamba asilimia 70 ya mabadiliko hushindwa. Alichukua maandishi matano yaliyotoa madai hayo, akatafuta ushahidi uliokuwa nyuma ya kila moja. Hakuupata. Kati ya maandishi hayo ilikuwamo makala ya mwaka 2000 ya Michael Beer na Nitin Nohria, maprofesa wa Harvard, iliyotoka katika jarida la Harvard Business Review. Kilikuwamo pia kitabu cha mwaka 2008 cha John Kotter, naye wa Harvard. Na lililotangulia mengine yote lilikuwa kitabu cha mwaka 1993, Reengineering the Corporation, cha Michael Hammer na James Champy.

Katika kitabu hicho Hammer na Champy walikisia kwamba kati ya asilimia 50 na 70 ya kampuni zilizoijaribu mbinu yao ya kupanga kazi upya tangu mwanzo hazikupata matokeo makubwa ziliyoyakusudia. Wakasema palepale, kwa uwazi, kwamba makisio yao si ya kisayansi.

Sasa tazama kilichoyapata maneno hayo baada ya kutoka kwa wenyewe. Ile 50 iliachwa njiani, ikabaki 70. Mbinu moja tu, tena mbinu yao wenyewe, ikageuka kuwa mabadiliko ya kila aina, mahali popote. Kutopata matokeo makubwa kukawa kushindwa. Na makisio, yaliyoandikwa na watu waliokiri kuwa ni makisio, yakaanza kuitwa utafiti. Mwaka 1995 Hammer mwenyewe, akiandika na Steven Stanton, alilalamika kwamba takwimu ile imeeleweka vibaya na kwamba hakuna kiwango maalumu cha kushindwa kilichopangiwa kazi hiyo. Masahihisho yake hayakufika mbali. Takwimu ilikuwa imeshapata watu wa kuibeba, na wote waliibeba kwa nia moja: kumwogopesha mnunuzi kidogo kabla ya kumwonyesha bidhaa.

Tuwatazame sasa Hammer na Champy na mbinu yao, maana si haki kuwazungumzia kana kwamba walikuwa matapeli. Hammer alikuwa amefundisha sayansi ya kompyuta MIT, kisha akawa mtaalamu mshauri. Katika toleo la Julai na Agosti 1990 la Harvard Business Review alichapisha makala iliyozitaka kampuni ziache kutumia kompyuta kuharakisha kazi mbovu, zizifute kazi hizo na kuzipanga upya tangu mwanzo. Mwaka huohuo Thomas Davenport na James Short walichapisha wazo linalokaribiana na hilo katika Sloan Management Review, jarida la MIT. Kwa hiyo wazo lilitoka kwenye majarida mawili yanayobeba majina ya vyuo vikuu vikubwa vya Marekani ndani ya mwaka mmoja. Meneja aliyeyasoma yote mawili angekuwa na haki ya kuamini kwamba sayansi imetoa kauli.

Mfano mkuu wa Hammer ulikuwa kampuni ya magari ya Ford. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idara ya malipo ya Ford, Amerika ya Kaskazini, ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 500. Wakubwa walifikiri wakiongeza kompyuta watabaki na watu 400, wakaliona hilo kuwa jambo kubwa. Kisha wakatazama Mazda, kampuni ya Japani ambayo Ford ilikuwa na hisa zake. Idara kama hiyo pale Mazda ilikuwa na watu watano. Mazda ilikuwa ndogo kuliko Ford, lakini udogo wake haukutosha kueleza pengo lile.

Walipochunguza waliona kazi ilivyokwenda. Karani wa malipo alikuwa akipokea karatasi tatu: nakala ya oda kutoka kwa wanunuzi, hati ya kupokelea mzigo kutoka ghalani, na ankara kutoka kwa muuzaji. Zikilingana, analipa. Zisipolingana, anaanza kuuliza na kuandika barua, akisubiri majibu, na sehemu kubwa ya siku zake iliishia hapo. Ford wakaiondoa ankara kabisa. Oda ikaingizwa kwenye kompyuta. Mzigo ukifika, karani wa ghala anautazama kwenye kompyuta yake. Ukilingana na oda anaupokea na malipo yanaandaliwa, usipolingana unarudishwa. Idara ya malipo ikapungua kwa asilimia 75.

Huo ni mfano mzuri, na yeyote aliyewahi kusubiri malipo ya zabuni katika ofisi zetu atauelewa mara moja. Aliyeutafakari angejifunza kwamba uchelewaji wa malipo unaweza kuwa umeanzia ghalani, na kwamba ni vizuri kuifuata kazi kutoka meza hadi meza kabla ya kununua mashine. Wengi walichukua jambo jingine. Waliiona ile asilimia 75.

Makala hiyo ilikuwa na mfano wa pili, kampuni ya bima ya maisha iitwayo Mutual Benefit Life, ya New Jersey. Ilisifiwa kwa kumkabidhi mfanyakazi mmoja maombi ya mteja tangu mwanzo hadi mwisho, hata siku za kusubiri zikapungua sana. Julai 1991, mwaka mmoja tu baada ya makala kutoka, kampuni hiyo iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali ya jimbo kwa sababu ya hasara katika mikopo na uwekezaji wa majengo. Kosa halikuwa la mbinu ya Hammer. Lakini msomaji alipaswa kujiuliza: ikiwa kampuni inaweza kuwa hodari wa kuchakata fomu huku ikizama kwa sababu nyingine kabisa, basi kupanga upya fomu si dawa ya kampuni nzima. Makala iliendelea kusomwa na kunukuliwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kisha kikaja kitabu cha 1993. Kiliuza zaidi ya nakala milioni moja na kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Champy alikuwa mwenyekiti wa CSC Index, kampuni ya ushauri iliyouza mbinu hiyohiyo iliyoelezwa kitabuni. Hapa pana jambo ambalo msikilizaji wangu napenda ulishike. Makala katika jarida la chuo kikuu humpa mshauri heshima. Kitabu humpa jina. Jina humfungulia mlango wa ofisi ya mkurugenzi, na mkataba unaosainiwa humo ndani ndiko fedha iliko. Kampuni iliyoridhika huandikwa kuwa mfano katika makala inayofuata, na isiyoridhika hainukuliwi popote. Duara hilo likishaanza kuzunguka halihitaji mwongo hata mmoja. Linahitaji tu kwamba kila mmoja atimize kazi yake bila kuuliza ya mwenzake.

Wakati mwingine duara husukumwa. Agosti 1995 gazeti la BusinessWeek liliripoti kwamba kitabu kingine kilichohusishwa na kampuni hiyo ya CSC Index, kiitwacho The Discipline of Market Leaders, kilipandishwa kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana kwa njia ya maelfu ya nakala kununuliwa na watu wenye uhusiano nacho. Waandishi walikanusha kufanya hila yoyote. Baada ya sakata hilo gazeti la New York Times lilianza kuweka alama kwenye orodha yake pale inaporipotiwa kwamba kitabu kimenunuliwa kwa jumla. Fikiria meneja aliyekuwa uwanja wa ndege wiki ile, aliyekiona kitabu kwenye rafu ya vitabu vinavyouzwa sana, akakinunua kwa kuwa wengine wamekinunua.

Miongoni mwa waliosema kwa sauti kwamba mambo yameharibika alikuwamo mmoja wa waanzilishi. Mwaka huohuo wa 1995 Davenport, yule wa Sloan Management Review, aliandika katika jarida la Fast Company kwamba mbinu ile imekuwa mtindo uliowasahau watu. Alieleza jinsi maslahi ya mameneja wakubwa, kampuni za ushauri na wauzaji wa kompyuta yalivyokutana, na jinsi jina la mbinu lilivyotumika kufunika upunguzaji wa wafanyakazi uliokuwa umeshaamuliwa. Hammer naye, mwaka 1996, alikiri katika gazeti la Wall Street Journal kwamba kwa kuwa yeye ni mhandisi hakuwa ameupa upande wa binadamu uzito unaostahili. Namheshimu kwa kukiri. Lakini kukiri huko kulikuja miaka sita baada ya makala ya kwanza, na karani aliyepunguzwa mwaka 1993 hakurudishiwa meza yake.

Na wasomi walikuwa wapi? Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mshauri anauza na mwandishi wa gazeti anatafuta habari, ila msomi analipwa ili ahakikishe. Utafiti mzuri ulifanyika. Tatizo ni kwamba ulichelewa. Eric Abrahamson wa Chuo Kikuu cha Columbia ameichunguza mitindo ya uongozi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999, yeye na Gregory Fairchild walichapisha uchunguzi wa maandishi kuhusu vikundi vya ubora, ile mbinu ya wafanyakazi kukutana kwa hiari kutatua matatizo ya kazi yao. Vikundi hivyo vilianza Japani mwaka 1962 chini ya Kaoru Ishikawa na wenzake, vikiwa na mafunzo na jarida lao la wasimamizi wa karakana. Marekani vilishika moto mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani walipokuwa na hofu ya kushindwa na Wajapani, vikapoa ndani ya miaka michache. Abrahamson na Fairchild waligundua kwamba wakati mtindo unapanda, makala zilijaa shauku na ahadi. Tathmini yenye mizani ilikuja mtindo ulipokuwa unashuka. Yaani ushauri wa busara ulipatikana wakati ambapo wanunuzi walikuwa wameshaondoka.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1988 Stephen Barley, Gordon Meyer na Debra Gash walilinganisha maandishi ya wasomi na ya watendaji kuhusu utamaduni wa taasisi. Mtu angetarajia wasomi ndio wawavute watendaji. Waliona kinyume chake: lugha ya wasomi ndiyo iliyosogea kuelekea ya watendaji. Msomi aliyetakiwa kuwa mlango wa kuchujia mambo alikuwa ameanza kusema kwa sauti ya yule anayepita mlangoni.

Sasa utauliza kwa nini wakurugenzi, watu wenye akili na uzoefu, hufuata. Barry Staw na Lisa Epstein walilijibu swali hilo mwaka 2000 kwa kuzichunguza kampuni 100 kubwa za viwanda za Marekani. Kampuni zilizohusishwa na mbinu zinazovuma hazikuwa na matokeo bora ya kiuchumi kuliko nyingine. Lakini zilisifiwa zaidi, zilionekana kuwa na ubunifu na uongozi bora, na wakurugenzi wake wakuu walilipwa zaidi. Rudia hilo polepole: kampuni haikupata faida zaidi, mkurugenzi alipata mshahara zaidi. Sioni haja ya kutafuta maelezo mengine.

Hospitali za Marekani zinatupa sura kamili zaidi. James Westphal, Ranjay Gulati na Stephen Shortell walichunguza hospitali zaidi ya 2,700 zilivyopokea mbinu za kusimamia ubora, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Hospitali zilizotangulia ziliikata mbinu kwa kipimo chake, zikiangalia wagonjwa wake na matatizo yake, na zikapata ufanisi. Zilizochelewa ziliiga ile sura iliyokwisha kuzoeleka, zikapata kukubalika machoni pa wakubwa wa nje. Ufanisi hazikuupata. Kwangu huu ndio utafiti wenye thamani kuliko zote nilizozitaja jioni hii, kwa sababu hausemi mbinu ni mbaya. Unasema kazi ya kufikiri haiwezi kununuliwa ikiwa imeshafanywa na mtu mwingine.

Sisi kwa kawaida tumo katika kundi la waliochelewa. Mbinu hutufikia kupitia wafadhili, washauri waelekezi na vitabu vya kiada, ikiwa imeshachoka huko ilikotoka. Tanzania ilianzisha mwaka 2004 mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Msingi wake, yaani mtumishi na msimamizi wake kukubaliana malengo kisha kuyapima, ni wazo alilolieneza Peter Drucker kwa kitabu chake cha mwaka 1954. Wazo lenyewe halina ubaya. Lakini mwalimu wa shule yenye wanafunzi wengi kuliko madawati anakubaliana malengo gani na mkuu wake wakati wote wawili hawana bajeti mikononi? Fomu zilijazwa, zikakusanywa, zikawekwa kabatini, na sasa serikali imehamia mfumo wa PEPMIS. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, uliochukuliwa kutoka Malaysia pamoja na maabara zake za wataalamu na kitengo chake cha ufuatiliaji chini ya Rais. Uongozi ulipobadilika mwaka 2015 jina lile likafifia. Yapo ya kujifunza ndani ya mpango ule, mazuri na mabaya, na ningetamani kuona vyuo vyetu vikishindana kuyaandika. Badala yake tumeshaanza kujifunza misamiati ya mpango unaofuata.

Vyuoni nako asilimia 70 imeshafika. Imo katika kurasa za kwanza za tasnifu, ikiwa na jina na mwaka kwenye mabano, na mwanafunzi hana kosa kwa sababu aliikuta kwenye makala iliyopitiwa na wasomi. Pembetatu ya mahitaji ya Maslow inafundishwa kwa namna hiyohiyo. Abraham Maslow aliandika nadharia yake mwaka 1943 katika jarida la saikolojia, bila kuchora pembetatu yoyote. Mwaka 2019 Todd Bridgman, Stephen Cummings na John Ballard waliufuatilia mchoro huo, wakaufikisha kwa mwanasaikolojia mshauri aitwaye Charles McDermid, aliyeuchapisha mwaka 1960 katika jarida la biashara la Business Horizons. Mshauri alichora, jarida likachapa, vitabu vya kiada vikanakili, na leo mwanafunzi wa Mzumbe au wa Chuo Kikuu cha Nairobi anapewa alama kwa kuuchora mchoro wa Maslow ambao Maslow hakuuchora.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi mawili. Wahadhiri wetu, mnaposahihisha tasnifu na kukuta takwimu ya namna hii, mtumeni mwanafunzi akatafute ilikotoka, ngazi kwa ngazi, mpaka afike kwa mtu aliyehesabu. Akifika mwisho akakuta hakuna aliyehesabu, hiyo yenyewe ni tasnifu. Na majarida yetu ya vyuo yapokee kwa furaha uchunguzi wa mbinu iliyoshindwa katika halmashauri au benki ya hapa nyumbani, yaupokee mapema, mbinu ikiwa bado inauzwa.

Nanyi wajumbe wa bodi, makatibu wakuu na wakurugenzi: kabla hamjasaini mkataba na mshauri, mwombeni awapeleke kwenye taasisi mbili zilizotumia mbinu yake, moja iliyofanikiwa na moja iliyoshindwa. Mkifika, msizungumze na mkurugenzi peke yake. Kaeni na karani wa malipo, na muuguzi wa zamu, na mhudumu wa dirishani, muwaulize kazi yao ilikuwaje na sasa ikoje. Mshauri asiyeijua taasisi hata moja ambako mbinu yake ilishindwa, msimpe kazi.